Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bia ya Ngano Yenye Asali

Ndugu wanachama,

Hesabu za mapato na matumizi mmeshagawiwa, na mweka hazina atazijibia mkutanoni. Mimi nitazungumzia kazi iliyoishughulisha kamati ya mapishi kuliko nyingine zote mwaka huu, yaani kuyarekebisha mapishi yetu ya bia ya ngano ili yapokee asali.

Kasoro inayojirudia katika chupa zinazoletwa kuonjwa ni ile ya asali kumiminwa juu ya mapishi ya zamani bila kubadilisha kitu kingine, kwa kutarajia bia iwe tamu. Haiwi. Hamira hula karibu sukari yote ya asali, ikabaki harufu tu. Bia hutoka kavu, nyepesi mdomoni, na kileo kimepanda. Kwa hiyo asali ichukue nafasi ya sehemu ya kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa), na utamu wa bia utafutwe kwingine.

Mapishi ya zamani kwa lita 20 yalikuwa na kilo 2.5 za kimea cha ngano na kilo 2.1 za kimea cheupe cha shayiri, hidrometa (chombo kinachoonyesha uzito wa maji yenye sukari ukilinganishwa na maji matupu, ambayo ni 1.000) ikianzia 1.050. Mapya ni kilo 2.2 za ngano, kilo 1.4 za shayiri, gramu 200 za kimea chepesi cha karameli, na gramu 600 za asali. Kilo moja ya asali katika lita 20 huinua kipimo hicho kwa takriban pointi 14 au 15 (pointi moja ni 0.001). Kimea, kwa vyombo vya kawaida vya nyumbani, huinua kama pointi 11. Ndiyo maana gramu 600 za asali zinafidia gramu 800 za kimea.

Joto la kuloweka kimea lipandishwe kutoka nyuzi 66 hadi 68 za Selsiasi, kwa dakika 60, katika lita 11.5 za maji. Joto hilo huacha sukari ndefu ambazo hamira haiwezi kuzila, nazo ndizo zinazoipa bia uzito mdomoni. Bila hatua hii bia inaweza kushuka hadi 1.008, ikifuatwa, inatulia karibu na 1.011. Ngano haina maganda, hivyo machicha hushikamana na maji yakagoma kupita. Changanyeni gramu 200 za makapi ya mpunga yaliyosuuzwa kwa maji ya moto kabla ya kuanza kuchuja. Kwa kuwa bia kavu huonyesha uchungu zaidi, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) za aina ya Hallertau, zenye asidi alfa, yaani chanzo cha uchungu huo, ya asilimia 4.5, zipunguzwe kutoka gramu 30 hadi 22, zichemke dakika 60.

Asali isichemshwe pamoja na maji ya kimea, maana harufu yake yote itaondoka na mvuke. Hata ikiingia siku ya kwanza, gesi ya uchachukaji mkali huibeba harufu hiyo nje. Tia lita 19 tu za maji ya kimea kwenye pipa lenye nafasi ya lita 27 au zaidi, na hidrometa isome karibu 1.043. Chachusha kwa nyuzi 18. Povu likianza kushuka, kwa kawaida siku ya tatu au ya nne, yeyusha asali katika nusu lita ya maji, ishikilie kwenye nyuzi 65 kwa dakika 30 ili chachu za porini zife, ipoze, kisha imimine taratibu. Ikimiminwa kwa pupa, gesi iliyomo hufumuka na bia ikamwagika sakafuni.

Joto hilo haliui vimeng'enya vyote vya asali mbichi. Vilivyobaki vinaweza kuendelea kukata zile sukari ndefu, na uchachukaji ukaendelea polepole kwa siku kadhaa zaidi. Msijaze chupa mpaka hidrometa isome namba ileile siku tatu mfululizo. Chupa zilizopasuka kwa wanachama zinatokana na kuharakisha hapa, na vipande vya kioo si jambo la kufanyia mzaha. Kwa kutia gesi tunapendekeza gramu 150 za sukari ya kawaida kwa lita 20. Asali ingehitajika kama gramu 190, lakini kiasi cha maji ndani yake hubadilika na mchango wake wa harufu ni mdogo mno.

Kuhusu hamira, kamati haikuwa na kauli moja. Hamira ya Kibavaria hutoa harufu ya ndizi na karafuu inayoifunika asali, na wanaoipenda wana haki yao. Pendekezo letu ni hamira tulivu ya Kimarekani, ambayo pia inawaondolea kile kituo cha dakika 15 kwenye nyuzi 45 wakati wa kuloweka kimea, kwani kazi yake ni kuandaa harufu ya karafuu. Asali nyeusi yenye ukali huzima ladha ya ngano. Ile ya maua ya michungwa inafaa zaidi.

Kwa onjo lijalo, kila chupa iandikwe aina ya asali, siku iliyotiwa, na vipimo vya hidrometa kabla ya asali na siku ya kujaza chupa. Chupa zisizo na vipimo hivyo zitaonjwa, ila hazitapewa alama.