Barua kwa mwanangu aliyekwama kwenye Warumi

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeupata. Unasema Warumi 9, sura ile ya waraka wa Paulo, umeirudia mpaka umechoka na hujaambulia kitu, ilhali mwenzako wa chumbani ana vitabu vya ufafanuzi na anaimwaga sura nzima bila kusita. Unauliza kama kichwa chako ni kizito. Hapana, mwanangu.

Fungua Matendo 8. Yule towashi wa Kushi alikuwa msimamizi wa hazina yote ya malkia Kandake. Alikuwa na gombo lake la kitabu cha nabii Isaya, kitu adimu zama zile, na alikuwa akitoka Yerusalemu kuabudu. Anasoma garini kwa sauti, maana Filipo, mhubiri wa Injili, alimsikia. Alipoulizwa, “Je! Yamekuelea haya unayosoma?” akajibu, “Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?” Mkubwa kama yule, mbele ya mpita njia! Wengi wetu tungetikisa kichwa tu, tukajifanya tumeelewa.

Lakini angalia nani alianza. Filipo alikuwa Samaria, anasikilizwa na makutano, malaika akamwambia ashike njia ya jangwa iendayo Gaza. Kisha Roho akamwambia asogelee gari lile. Msaada ulikuwa njiani kabla towashi hajajua atauhitaji. Hiyo ndiyo neema. Hata mitume, waliokula na kutembea na Yesu, walingoja mpaka “akawafunulia akili zao” (Luka 24:45).

Usije ukaacha kusoma, ukasema Roho atanifunulia mimbarini. Wahubiri wa namna hiyo tunao tele, na makelele yao tunayasikia. Towashi alikuwa anasoma, na Filipo alianzia pale pale alipokuwa amefika. Itifaki yako, kile kitabu cha kutafutia maneno ya Biblia, itumie, na vitabu vya mwenzako azima. Ila kabla hujafungua, omba: “Unifumbue macho yangu” (Zaburi 119:18).

Na wala usimwonee wivu anayejua kueleza. Herode alipouliza Kristo atazaliwa wapi, waandishi walijibu papo hapo: Bethlehemu. Jibu lilikuwa sahihi. Mamajusi wakaenda, waandishi hatusomi kwamba hata mmoja alinyanyuka.

Warumi 9 usiikatie njiani. Endelea mpaka mwisho wa sura ya 11, uone Paulo mwenyewe anavyokiri kwamba hukumu za Mungu hazichunguziki. Aya zinazokusumbua niandikie, Jumapili nitamwuliza mchungaji. Baba yako anakusalimu. Nauli ya likizo atatuma mwisho wa mwezi.

Mama yako