Somo, usichukue kozi zote kwa mkupuo

Houston, Texas
8 Juni

Somo yangu,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Unaona barua ya darasa la tano bado naikumbuka. Mwalimu angenipa maksi zote, kisha angezikata kwa kuwa nimecheka kabla sijafika mstari wa tatu.

Hongera kwa visa. Shangazi yako wa Dallas alinipigia kabla hata ujumbe wako haujaingia, na baada ya vigelegele akaniagiza nikuandikie habari za chuo. Anaogopa utafika Agosti ujiandikishe masomo kwa pupa kama nilivyofanya mimi. Sikumbishia.

Umeniuliza uchukue nini mwaka wa kwanza ili uje kuwa daktari, "au nesi ikishindikana". Hilo la ikishindikana nitakugombeza huko mbele. Kwanza ufute kichwani mpango wa kwetu. Pale nyumbani mtu anamaliza Form Six na PCB yake (fizikia, kemia, baiolojia), anaomba Muhimbili, miaka 5 ya MD na mmoja wa mafunzo kazini, basi, daktari. Huku udaktari hausomwi ukitoka sekondari. Unasoma digrii ya kwanza miaka 4, ndipo unaomba shule ya udaktari, miaka 4 mingine, halafu mafunzo ya hospitali miaka 3 kwa uchache. Na hiyo digrii ya kwanza wala si ya udaktari. Ukitaka soma historia. Wanachokuangalia ni kama ndani yake umepita masomo ya msingi: baiolojia, kemia ya jumla, kemia ogania, fizikia, yote na maabara zake, juu yake biokemia, Kiingereza na hesabu kidogo. Hapa Texas hiyo hesabu ni takwimu.

Ukiisoma hiyo orodha unacheka, najua, maana nami nilicheka. Mole tumeimaliza Form Three, seli tumezichora mpaka penseli zikaisha. Basi ngoja nikwambie yaliyonipata.

Muhula wangu wa kwanza nilichukua kemia na maabara yake, baiolojia na maabara yake, kalkulasi, na Kiingereza. Krediti, yaani uzito wa kozi, 15: nne kila somo, Kiingereza tatu. Mshauri wa masomo aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikamwambia nimetoka na Division One ya PCB, na BAM, ile hesabu ya nyongeza ya Form Six, nimeisoma. Yeye BAM haijui, akanyamaza. Wikiendi nilikuwa nabeba boksi, yaani kuangalia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, zamu ya usiku, Ijumaa na Jumamosi.

Kilichoniangusha wala si ugumu. Mengi niliyajua. Kilichoniangusha ni kwamba nilikuwa nasubiri UE, mtihani mkubwa wa mwisho kama wa vyuo vya kwetu. Sisi tumezoea, koswek unaiburuza tu, halafu wiki mbili za mwisho mnakesha, mnapiga msuli, mnagawana madesa, na pakiharibika kuna sapu. Somo, huku hakuna sapu. Kuna mtihani kila baada ya wiki tatu hivi, na kila Jumapili kuna maswali ya kwenye kompyuta yanayofungwa saa 6 kasoro dakika 1 usiku, nayo yanahesabiwa. Mimi Jumapili hiyo natoka zamu asubuhi, nalala, naamka saa 1 jioni kichwa kizito kama gunia la chumvi. Wiki nne za mwanzo sikuyafanya kabisa, nikijua nitafidia mwishoni. Hakukuwa na mwisho wa kufidia.

Nikatoka na A ya Kiingereza, B ya baiolojia, C ya kemia, C ya kalkulasi. A ni 4, B ni 3, C ni 2. GPA, wastani wa gredi kwa uzito wa krediti, ikasimama 2.67. Na huku wana wastani wa pili, wa sayansi na hesabu peke yake, wangu ulikuwa 2.33. Usiku ule nilikaa jikoni na kikokotoo. Nikipata 3.8 mihula yote 7 iliyobaki, krediti 15 kila muhula, nitamaliza digrii na 3.66. Miaka mitatu na nusu ya kujinyima, na muhula mmoja wa jeuri bado unanivuta shati. Hata somo ukilirudia, chuo kinaweza kuifuta gredi ya kwanza kwenye hesabu zake, lakini wanaopokea maombi ya udaktari wanazichukua zote mbili.

Ndiyo maana nasema mwaka wa kwanza usijionyeshe. Hakuna anayekutazama. Anayekutazama atakuja miaka mitatu baadaye, na atakuwa ameshika karatasi tu.

Sasa tuingie kazini. Utaanzia chuo cha miaka 2, vizuri, ada ni nafuu na madarasa ni madogo. Vyuo vya umma vya Texas vina namba moja za kozi, na ukijua kuzisoma hakuna atakayekuzungusha. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni krediti. CHEM 1311 ni kemia ya mwaka wa kwanza, krediti 3, na CHEM 1111 ni maabara yake, krediti 1. Usidanganyike na hiyo 1, maabara inakula karibu saa 3 za wiki na ripoti juu. Uwe macho na namba zinazofanana: BIOL 1306 ni baiolojia ya wanaosoma sayansi, BIOL 1308 ni ya wasiosoma sayansi. CHEM 1311 ndiyo yako, CHEM 1405 siyo. Majina yake kwenye orodha yanakaribiana, saa zake huwa nzuri zaidi, na kuna dada mmoja darasani kwetu alipata A mbili safi kwenye kozi ambazo shule za udaktari hazikuzitaka. Alilia siku hiyo mpaka tukamsindikiza nyumbani.

Ungeniuliza nianze na nini kama ni kimoja tu, ningesema kemia, na sisemi kwa mapenzi, unajua nani alinifanyia titrasheni Form Five. Ni kwa sababu ya foleni. Kemia ya jumla mihula 2, bila hiyo huingii ogania. Ogania mihula 2, bila hiyo huingii biokemia. Jumla mihula 5 iliyofungana kama vibiriti. Ukianza Agosti hii, biokemia utaisoma Agosti ya mwaka wa tatu, umeshahamia chuo cha miaka 4, na MCAT, mtihani wa kuombea shule ya udaktari, utaifanya miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, ukiwa na kila kitu kichwani. MCAT yenyewe ni siku nzima, saa 7 na nusu ukihesabu na mapumziko, na tangu 2015 ina sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia. Ukiichelewesha kemia muhula mmoja, foleni yote inasogea, na vyuo vingine havifundishi ile sehemu ya kwanza kila muhula, kwa hiyo mmoja unaweza kuwa mwaka. Baiolojia haina foleni hiyo. Iache isubiri Januari, na utaielewa zaidi ukiwa umeshapita kemia.

Hesabu ndiko wengi wetu tunakojidanganya. Watakupa mtihani wa kupimwa, unaitwa TSI, kabla ya kujiandikisha. Usiufanye ukiwa na uchovu wa ndege, na usiufanye bila kupitia aljebra wiki mbili, logi, grafu, vile vitu vya Form Two ambavyo tunadhani tunavijua. Umekaa mwaka na nusu bila kushika hesabu, somo, na kutu haichagui aliyepata Division One. Wakikupangia MATH 1314, aljebra ya chuo, ichukue na uinyamazie. Vyuo vingi vinaitaka kabla au sambamba na CHEM 1311. Ukivuka, chukua takwimu, MATH 1342.

Kalkulasi iache. Najua itakuuma, kwetu mtu wa sayansi bila kalkulasi ni kama pilau bila nyama. Lakini shule za udaktari hapa Texas zinadai takwimu, na fizikia ya kina sisi, PHYS 1301, inakwenda kwa aljebra na trigonometria tu, ile ya kalkulasi ni ya mainjinia. Kama digrii utakayoichagua itaidai, na digrii nyingi za sayansi zinaidai, utaisoma mwaka wa pili, peke yake kiangazi, ukiwa na miguu chini. Mimi ningeiahirisha ningekuwa na A ya kemia leo.

Kwa hiyo Agosti ningekupangia CHEM 1311 na 1111, hesabu moja, Kiingereza 1301, na saikolojia, PSYC 2301. Krediti 13. Zinakutosha kuhesabiwa mwanafunzi kamili, maana kiwango ni 12, na msaada wa ada hautapungua. Shangazi atakuuliza mbona chache. Mwambie kila krediti ni saa 1 ya darasani na saa 2 za kusoma nje ya darasa kila wiki, kwa hiyo 13 ni saa 39, kazi kamili kabla hujaenda kazini. Yeye anafanya kazi mbili, atakuelewa upesi kuliko mimi nilivyojielewa.

Na kuhusu krediti za Form Six: ukitafsiriwa vyeti, chuo kinaweza kukwambia tunakuachia kemia, umeshaisoma. Utaona zawadi. Shule nyingi za udaktari zinataka masomo hayo ya msingi yawe yamesomwa chuo cha huku. Ikatae zawadi, ichukue kemia, na uitumie PCB yako kupata A bila kukesha. Faida yetu ya kweli ndiyo hiyo. Mimi niliitumia kurukia mbele, nikaipoteza.

Kitu kingine cha Texas ambacho hakuna aliyeniambia. Sheria ya jimbo inakuruhusu kuacha kozi 6 tu kwa digrii yako nzima kwenye vyuo vya umma, mabadiliko ya siku za mwanzo hayahesabiwi. Siku ya 12 ya masomo ndiyo mpaka. Iandike ukutani. Kabla ya siku hiyo uwe umeshaona silabasi, umeshamsikia mwalimu, umeshafanya kazi ya kwanza. Ukiona hapafai, ondoka, hakuna doa. Baada ya hapo ukiacha, W, alama ya kozi uliyoiacha, inabaki kwenye karatasi. W moja haina shida, haiingii kwenye GPA, na ni bora mara mia kuliko C yangu ya kalkulasi ambayo niliiona inakuja tangu Oktoba nikaona aibu kuikimbia.

Haya, unesi. Hapa wauguzi wanaheshimika na wanalipwa, na kwenye ile nyumba ya wazee mtu ninayemtazama usiku mgonjwa akibadilika hali ni nesi, daktari yuko kwenye simu. Usiutaje kama kapu la makombo. Masomo yake ni njia nyingine: anatomia na fiziolojia mihula 2, BIOL 2401 na 2402, na mikrobiolojia. Shule za udaktari hizo anatomia hazizidai, na ogania unesi hauidai, kwa hiyo mbele njia zinaachana kabisa. Ila utazame tena ule muhula niliokupangia. Kemia, takwimu, Kiingereza, saikolojia. Unaingia kote kuwili, ingawa kwa kemia baadhi ya shule za unesi zinakubali hata ile nyepesi. Huhitaji kuamua Agosti. Mama yako anataka daktari, najua, ameshamwambia mtaa mzima wa Ngamiani. Mwachie aendelee kusema. Wewe tafuta kibarua cha kuangalia wagonjwa hata saa 8 kwa wiki, si zaidi muhula wa kwanza, halafu Januari uniambie mwenyewe.

Kwa upande wa udaktari una bahati nitakayokukumbusha kila ukinuna: utaingia kama mkazi wa kudumu. Wenzetu wa visa ya mwanafunzi wanasoma haya haya na shule nyingi za udaktari haziwapokei kabisa. Na shule za umma za Texas kisheria nafasi 90 katika 100 ni za wakazi wa Texas. Ukishatimiza masharti ya ukazi usihame jimbo kwa ajili ya mchumba.

Kabla hujalipa chochote, nipigie picha ya ratiba unitumie. Nipigie saa 4 usiku ya huko, kwangu ni saa 8 mchana, nitakuwa kwenye basi. Na upitie nyumbani kwetu kabla ya kusafiri. Mama ana daftari langu la kemia la Form Five, lile lenye jalada la gazeti, liko juu ya kabati chumba cha uani. Kurasa za mole kuna mwandiko wako umenisahihisha kwa kalamu nyekundu. Njoo nalo. Na korosho, za kukaanga, si mbichi.

Wako,
Somo wa benchi la nyuma