Barua ya kazi ya mistari mitatu haikufikishi Kanada

Juzi kaka mmoja, fundi majokofu kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, alituletea sisi, waandaaji wa rasimu za barua, bahasha yake ya kuombea ukaazi wa kudumu Kanada. Pasipoti ipo. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, yapo, tena mazuri. Vyeti vimeshatathminiwa. Kisha tukafungua barua ya mwajiri: "Tunathibitisha kuwa mtajwa hapo juu ni mfanyakazi wetu tangu 2018. Ni mwaminifu na mchapakazi. Tunamtakia kila la heri." Mhuri umegongwa kwa nguvu mpaka wino umetokea upande wa pili.

Barua hiyo ingemtosha kwa mambo mengi ya hapa mjini, lakini si kwa Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi. Njia yake iitwayo Federal Skilled Worker inataka uthibitishe angalau mwaka mmoja usiokatika wa kazi ya ujuzi, saa 30 kwa wiki, ndani ya miaka 10 iliyopita. Afisa anayesoma faili hajui chumba baridi cha sangara kinaendeshwaje, na uaminifu wako hauna alama. Anataka kuona cheo, tarehe za kuanza na kuacha, saa za wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu, na hasa majukumu yako, kwenye karatasi yenye nembo na mawasiliano ya kampuni, pamoja na sahihi ya msimamizi au afisa utumishi.

Majukumu ndiyo yanayotuchukua muda. Tulimkalisha fundi wetu, tukamwambia asimulie kwa Kiswahili siku yake kazini. Kumbe hujaza gesi, hutafuta mahali inapovuja, hubadilisha kompresa, na umeme ukikatika usiku ndiye anayeamshwa. Hayo ndiyo ya kuandikwa. Wengine hunakili maelezo ya kazi neno kwa neno kutoka orodha ya kazi ya Kanada, iitwayo NOC. Msifanye hivyo, barua ya namna hiyo inatia shaka.

Rasimu anaipeleka mwenyewe kwa afisa utumishi, asome na kurekebisha. Usimwendee mwisho wa mwezi akiwa kwenye mishahara, atakuona msumbufu. Akigoma kabisa, kusanya mkataba, hati za mishahara na taarifa ya michango ya NSSF, kisha uambatishe maelezo ya kwa nini barua haipo.

Anza mapema. Ukishapata mwaliko wa Kanada wa kuomba ukaazi, una siku 60 tu za kuwasilisha kila kitu, na cheti cha polisi nacho kinataka alama za vidole.

Sisi tunaandaa rasimu, tunachapa na kuskani. Hatukuwakilishi mbele ya serikali ya Kanada: sheria yao inataka anayelipwa kwa kazi hiyo awe mwanasheria au mshauri mwenye leseni. Kufungua wasifu wa Express Entry ni bure, kwa hiyo anayekudai ada ya serikali ya kuufungua, mkimbie.

Ukija, beba mkataba wako na hati za mishahara. Jumamosi tunafunga saa saba mchana.