Barua ya wazi kwa mdogo wangu: hiyo njia ni yako, pita

Mdogo wangu,

Umesema kinachokutia hofu kuhusu kutembea mashambani Uingereza si vilima wala mvua, ni kuingia shamba la mtu bila kupiga hodi. Hofu hiyo inatokana na malezi mema, lakini kule itakupoteza. Njia ya umma ikikatiza shamba la ngano, una haki ya kuipita kisheria kama unavyopita barabara ya lami, hata kama ardhi yote kushoto na kulia ni mali ya mtu. Mkulima anaruhusiwa kuilima inapokatiza katikati ya shamba, ila anatakiwa kuirudisha ndani ya siku 14, na upana wake, ikiwa ni ya waenda kwa miguu, usipungue mita 1. Kwa hiyo ukikuta mstari mwembamba uliokanyagwa katikati ya mazao, usizunguke pembezoni kwa adabu. Huko pembezoni ndiko huna ruhusa. Nyooka na mstari.

Alama ni rahisi. Mshale wa njano ni njia ya waenda kwa miguu tu, wa buluu ni ya farasi na baiskeli pia, na wewe umo. Njia kuu za taifa zina picha ya tunda la mwaloni.

Kwa mara ya kwanza nakushauri kipande cha Ridgeway, moja ya hizo njia kuu za taifa, kutoka Wendover hadi Princes Risborough, kwenye vilima vya Chiltern. Ni kama kilomita 12, na treni za kwenda miji yote miwili zinaondokea London Marylebone. Angalia hapo: miji hii iko kwenye reli mbili tofauti, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama tiketi yako ya kurudi itakubalika kutokea Princes Risborough. Nunua ramani ya Ordnance Survey Explorer namba 181. Sentimita 4 kwenye ramani ni kilomita 1, na njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani. Ya simu pakua kabla ya kutoka nyumbani, maana mabondeni mtandao hukatika.

Kutoka kituoni Wendover vuka daraja lililo juu ya reli, kisha fuata kibao cha Ridgeway kinachokupeleka kushoto, juu ya kilima cha Bacombe hadi Coombe Hill, mita 260 hivi kutoka usawa wa bahari. Pale juu pana mnara wa askari waliokufa katika vita vya Makaburu, na bonde la Aylesbury limetandazwa chini yako. Baada ya hapo njia inashuka kupitia msitu na kuvuka barabara ya kuingilia Chequers, nyumba ya mapumziko ya Waziri Mkuu tangu 1921. Nyumba yenyewe utaiona kwa mbali upande wa kulia. Pita bila woga, lakini usitoke njiani hata hatua chache: kuingia eneo lile bila ruhusa ni kosa la jinai.

Msituni ndiko watu wengi hupotea. Miti mingi ni ya aina iitwayo beech, mirefu, yenye shina laini la kijivu, na kivuli chake ni kizito hata chini hapaoti mengi. Majani yakishapukutika, kuanzia Oktoba, njia na isiyo njia vinafanana kabisa. Usitazame chini, tazama vigogo na nguzo: watu wa kujitolea huchora mishale myeupe kwenye miti. Ukitembea dakika 10 bila kuona alama yoyote, rudi mpaka ile ya mwisho. Ukienda mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, baadhi ya misitu hii sakafu yake ni buluu tupu kwa maua ya kengele. Usiyakanyage, kwa sababu majani yakipondwa mmea unakosa chakula cha kuufikisha mwaka ujao.

Sasa matope. Vilima hivi ni chaki, na juu yake kuna mfinyanzi uliojaa mawe ya gumegume. Chaki ikilowa inateleza kama sabuni, na mfinyanzi unaganda kwenye soli mpaka kila mguu unakuwa mzito. Vaa buti zenye meno marefu na soksi za sufu. Jinzi iache, ikilowa haikauki na inakutia baridi.

Malangoni utakutana na geti dogo linalobembea ndani ya uzio wenye umbo la V, lililobuniwa lisimpitishe ng'ombe. Lisukume, ingia mpaka kwenye kona, lirudishe ulikotoka, ndipo utoke. Begi kubwa hukwama hapo konani, kwa hiyo livue kwanza. Mageti mengine yaache ulivyoyakuta, ya wazi yabaki wazi.

Ng'ombe wenye ndama wape nafasi kubwa. Unaweza kutoka njiani kuwazunguka ukarudi mbele. Wakikukimbilia usikimbie, geuka uwakabili, tanua mikono, ondoka polepole. Ukiwa na mbwa, mwachie kamba, maana wanayemwandama ni yeye.

Kiangazi vaa suruali ndefu. Kandokando kuna majani yanayowasha, ndugu wa thabai ya Wakikuyu, na kwenye nyasi kuna kupe. Ukimkuta kupe mwilini, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja. Wiki zinazofuata likitokea duara jekundu linalopanuka, nenda kwa daktari, huenda ni ugonjwa wa Lyme.

Muda piga hivi: saa 1 kwa kila kilomita 5, na nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Inakuja kama saa 3. Ongeza saa 1 na nusu ya matope na chakula. Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni, kwa hiyo uwe umeanza kabla ya saa 4 asubuhi.

Akiba ya nguvu iweke kwa kilima cha Whiteleaf, karibu na mwisho wa safari. Kutoka kijiji cha Cadsden unapanda mteremko mkali kuliko yote ya siku hiyo, wakati miguu imeshachoka. Ukifika juu bado una kama dakika 50 hadi kituo cha treni, nyingi zikiwa za kushuka. Kabla ya kupanda treni, gonganisha buti zako nje, ule mfinyanzi hutoka ukiwa bado mbichi.