Mtoto aliniandikia jina lake, sikulitazama

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza. Nina miaka 38, nina mume na watoto watatu, mmoja wao ni wa marehemu dada yangu. Kazi hii nimeifanya miaka 14, na miaka tisa mfululizo nimefundisha darasa la kwanza kwa kuliomba mwenyewe. Wenzangu wengi hulikwepa. Mimi sijaona raha inayozidi kumpokea mtoto Januari hajui hata kushika penseli, halafu ikifika Novemba unamsikia anasoma maandishi ya daladala kwa sauti. Nakueleza haya mapema ili usije ukadhani siipendi kazi yangu.

Mwezi wa nane mtoto mmoja wa dawati la mwisho alikuja mbele, daftari kalishika kwa mikono miwili. Tangu shule zifunguliwe mtoto huyu alikuwa anachora vijiti na maduara tu. Mezani nilikuwa na rundo la madaftari, natia vema, nafunua jingine, natia vema, uso siinui. Nikatia vema na kwenye lake, nikamwambia kakae. Hakuondoka. Akasema, "Mwalimu, ni jina langu." Nikamjibu, "Nimesema kakae."

Usiku nimelala ndipo jina lile liliponijia akilini. Alikuwa ameandika jina lake lote, mwenyewe, na herufi S imegeukia upande wa pili. Macho yangu yaliliona, mimi sikuwapo. Miezi yote ile nilikuwa naingoja siku hiyo. Asubuhi nikamwita anionyeshe tena, akaniambia daftari amelisahau nyumbani.

Shangazi, nililia chooni siku ile. Na bado wiki iliyofuata nilimchapa mtoto mwingine kwa sababu aliangusha penseli mara mbili. Naujua utaratibu, kwamba fimbo ni ya mwalimu mkuu au aliyemteua, na kwa miaka yote hiyo fimbo haikuwahi kuwa kitu changu. Mkono ulinyanyuka wenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kujiogopa.

Darasa langu lina watoto 127. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu mmoja apate watoto 45. Kipindi ni nusu saa, ukiigawa kwa watoto wote kila mmoja anapata kama sekunde 14. Madaftari nikiyasahihisha kwa dakika moja moja, ni saa mbili na zaidi kwa somo moja tu, na bado andalio la somo na zamu vinaningoja. Tafadhali usinielewe vibaya. Watoto waliongezeka sana elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, na mimi sina kinyongo na hilo hata kidogo. Mwaka 1998 nilikuwa darasa la nne, nikarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, najua mtoto anavyojisikia akitembea peke yake njiani saa nne asubuhi na begi mgongoni. Waje wote. Ila mwalimu ni mimi yule yule mmoja.

Naamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi ninayouza kwa jirani mwenye duka, maana mshahara una makato ya mkopo wa benki tuliojengea, na kinachobaki hakifiki tarehe 15. Saa kumi na moja na nusu niko kituoni. Jioni nikirudi kuna kupika, na dada wa kazi hatuna. Mume wangu anabeba dagaa Mwaloni, kuna siku anarudi wakati mimi naondoka. Si mtu mbaya. Juzi aliniambia, "Mama, umebadilika, unatujibu kama unawajibu wanafunzi." Nilikosa la kusema.

Nilianza kuumwa kichwa mfululizo, usingizi hauji, na Jumapili jioni tumbo linajikunja nikifikiria kengele ya kesho yake. Nikaenda kituo cha afya. Malaria hakuna, presha imepanda kidogo, nikapewa ED, ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini, ya siku tatu nipumzike. Siku ya kwanza nililala kama maiti. Ya pili nikafua. Ya tatu, ilipofika alasiri, tumbo likarudi vile vile, na niliporudi kazini madaftari ya siku tatu yalikuwa yananisubiri mezani.

Binti wa jirani anasomea uuguzi, yeye ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia hali hii ni uchovu wa kazi, Kiingereza wanaita burnout, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake mpya ya magonjwa na hali za kiafya iliyoanza kutumika mwaka 2022, na haihesabiwi kuwa ugonjwa, ni jambo linalotokana na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Akanitajia dalili tatu: kuishiwa nguvu kabisa, moyo kujitenga na kazi yako au kuichukia, na kuona unachokifanya hakina faida tena. Zote ni zangu. Hiyo ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi. Uchovu nimeuzoea tangu utotoni, nimechota maji na kulima kabla ya kwenda shule. Kutokuwa na moyo kwa mtoto sikuwahi kukujua.

Wenzangu ofisini nikiwagusia wanasema, "Sote tumechoka, mwalimu," na ni kweli, ninawaona. Mama yangu ananiambia nizidishe sala. Nasali, Shangazi, na sala inanituliza, lakini Jumatatu inakuja na watoto 127. Kusema waziwazi kwamba akili imechoka naogopa, kwa sababu mtu akisema hivyo kwetu neno linalofuata ni Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na jina hilo likishakuganda halitoki.

Kuna vitu viwili nimevijaribu vikasaidia kidogo. Nimeacha kusahihisha madaftari yote kila siku. Nachukua safu mbili, nakaa na hao watoto, nawatazama wanavyoandika, kesho safu nyingine. Na simu naizima saa mbili usiku, kwa sababu kundi la WhatsApp la walimu linatoa maagizo mpaka saa nne. Kuumwa kichwa kumepungua. Sasa hofu yangu ni siku mdhibiti ubora, mkaguzi wa shule, atakapokuja akakuta daftari halina vema ya jana. Nitamwelezaje?

Naomba unisaidie haya. Likizo yetu sisi ni shule zikifungwa, Juni na Desemba, na Desemba hiyo ndiyo nalima na kukimbizana na sare. Je, ni halali kwangu kurudi kwa daktari na kumwambia ukweli wote, habari ya tumbo, usingizi na fimbo, badala ya kusema kichwa kinauma? Kwenye hospitali ya mkoa naambiwa kuna wataalamu wa ushauri, lakini sijui kama nikikaa mbele yao nitajua pa kuanzia. Nitajuaje kama huu bado ni uchovu wa kazi au umeshakuwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito? Na mwalimu mkuu nimweleze? Ni mtu mwenye utu, lakini naye ana upungufu wa walimu, na naogopa ataniona nakwepa.

Yule mtoto bado anakaa dawati la mwisho. Siku hizi anaandika jina lake vizuri, S imenyooka. Ananipa daftari na kuondoka kabla sijalifungua.

Kikao cha kupanga madarasa ya mwakani ni wiki ya kwanza ya Desemba. Kila mwaka mwalimu mkuu akifika kwenye jina langu hucheka na kuniuliza, "Mwalimu, darasa la kwanza?" na mimi huitikia kabla hajamaliza. Shangazi, safari hii nimjibu nini?

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Mwanza