Zaina mwanangu, jaza fomu ya misitu

Zaina mwanangu,

Hujambo? Bibi yako na watoto wa mama mdogo hawajambo? Mimi ni mzima, ila usingizi umeniruka tangu tulipozungumza Jumapili. Nilikuambia maneno mazito. Nilisema nimebadilisha mashuka ya wagonjwa miaka tisa kwenye nchi ya baridi ili uwe daktari, si ili ukasomee misitu chuoni, ukahesabu miti Morogoro. Ukanyamaza kidogo, kisha ukasema, "Sawa, mama." Hiyo sawa yako ndiyo inayoniamsha usiku. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu nitakukatiza tena.

Juzi bibi ninayemtunza aliomba nimpeleke Walden. Ni ziwa dogo karibu na mji wa Concord, hapa hapa Massachusetts, lenye miti pande zote na reli inayopita kandokando. Yeye alikaa kwenye benchi akiota jua, mimi nikafuata njia ya msituni hadi kwenye rundo la mawe. Wageni huweka mawe hapo kumkumbuka mtu aliyejenga kibanda chake mahali hapo, mwandishi Henry David Thoreau. Nilikuwa nimelisikia jina tu. Bibi ndiye aliyenisimulia habari zake njiani, kwenda na kurudi, na nyumbani akanipa vitabu. Nimevisoma usiku, baada ya kumlaza.

Huyo Thoreau alizaliwa Concord mwaka 1817, na baba yake alikuwa mtengenezaji wa penseli. Alimaliza Harvard mwaka 1837, mwaka ambao kazi zilikuwa haba Marekani nzima, akabahatika kupata ualimu pale pale kwao. Hazikupita wiki nyingi akaambiwa ni lazima awachape wanafunzi. Akaacha kazi. Nilipofika hapo nilimfikiria mama yake. Umemsomesha kijana mpaka chuo kikuu, kisha anarudi nyumbani na kukuambia ameacha kazi kwa sababu ya fimbo! Lakini hakukaa bure. Yeye na kaka yake walifungua shule yao, na baadaye akatengeneza penseli na baba yake, akapima mashamba ya watu. Majirani walimwona mtu wa ajabu, lakini mipaka ya mashamba yao walimpa yeye aipime.

Tarehe 4 Julai 1845 alihamia kando ya ziwa, kwenye kibanda cha futi 10 kwa 15 alichojijengea kwa dola 28 na senti 12 na nusu. Alikaa miaka miwili, miezi miwili na siku mbili, akilima maharage, akisoma na kuandika. Wengi hudhani aliwakimbia watu. Ardhi yenyewe ilikuwa ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson, na kwa mama yake alikuwa akienda kula mara kwa mara. Alikuwa na viti vitatu, maana wageni walikuja. Nakueleza haya kwa sababu baba yako mkubwa anasema ukifuata moyo wako utakuwa umetupa ukoo. Mtu huyu alifuata wake akiwa umbali wa kutembea kutoka jikoni kwa mama yake.

Lililonishika zaidi ni habari ya kina cha ziwa. Watu wa Concord walikuwa wakisema ziwa lile halina chini. Walirithishana maneno hayo na hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Mwanzoni mwa 1846, maji yakiwa yameganda barafu, Thoreau alichukua kamba ya kuvulia na jiwe la ratili moja na nusu, akapima sehemu nyingi. Penye kina kirefu kuliko pote alipata futi 102. Zaina, mimi nimesema misitu haina kazi. Baba yako mkubwa amesema, mjomba amesema. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshusha kamba. Wewe ndiye uliyekwenda msitu wa Amani, kule Usambara, na wenzako wa kidato cha tano, ukarudi na daftari limejaa majani yaliyokaushwa, nami nikakuuliza kama hiyo ni kazi ya shule au mchezo.

Thoreau naye alikuwa na madaftari. Miaka ya 1850 aliandika tarehe ambazo mamia ya mimea ya Concord ilichanua, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyemlipa. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Boston wamezichukua tarehe hizo, wakazilinganisha na za siku hizi, na wakaona mimea mingi inachanua mapema kuliko zamani kwa sababu joto limepanda. Mwaka 1860 alisimama mbele ya wakulima kwenye maonyesho yao akawaeleza kwa nini misonobari ikikatwa huota mialoni: kindi huwa wameshazika mbegu za mialoni chini ya misonobari. Wewe ungeweza kumsikiliza siku nzima.

Yeye na Emerson na wenzao, akiwamo mwanamke mmoja hodari, Margaret Fuller, waliitwa Watransendentali. Waliamini moyo wa mtu unajua ukweli fulani ambao macho na masikio hayawezi kuuleta peke yao, na kwamba msituni mtu huusikia vizuri kuliko kwenye kelele za watu. Emerson alikuwa mchungaji. Mwaka 1832 aliuacha uchungaji kwa sababu hakuweza tena kuongoza meza ya Bwana kwa moyo safi. Hilo namheshimu sana. Lakini ameandika pia kwamba maskini asiye wake hamhusu, na kwamba huiona aibu sarafu anayompa. Hapo nimefunga kitabu. Wewe umesoma kwa senti za watu, Zaina. Mama mdogo aliuza mbuzi wake ukaenda kidato cha tano na begi jipya. Emerson mwenyewe alisaidiwa sana na mirathi ya mke wake wa kwanza. Usije ukanisomea maneno hayo siku moja kwenye simu.

Thoreau ananifaa zaidi. Alikataa kulipa kodi ya kichwa (bibi yako analijua vizuri jina hilo) kwa serikali iliyokubali utumwa, na mwaka 1846 akalala jela usiku mmoja. Kulipopambazuka kuna mtu alikuwa ameshamlipia, akatolewa. Mama yake na dada zake walikuwa kwenye chama cha wanawake waliopinga utumwa, na familia iliwasaidia watumwa waliotoroka wakielekea Kanada. Msimamo ule aliukuta nyumbani kwao.

Dirishani kwa bibi ninayemtunza kuna chungu chenye viua vya zambarau. Hapa vinaitwa violeti za Afrika, vinauzwa hadi kwenye maduka ya vyakula. Nimevinyweshea maji mwaka mzima bila kujua vimetoka Usambara, vikachukuliwa enzi za Mjerumani, mpaka wewe uliponiambia. Nilikuwa nimekasirika siku ile, sikukujibu.

Kwa hiyo weka misitu chaguo la kwanza. Udaktari usiuweke hata la tatu kwa ajili yangu. Baba yako mkubwa usibishane naye, ni mkubwa wako. Mpe shikamoo yake, uendelee na kazi zako. Nitampigia mimi Jumamosi. Mkopo uombe mapema, na nauli ya Morogoro nitaituma mwisho wa mwezi.

Ukipanda tena Amani, vitafute vile viua kwenye miamba yenye unyevu, uandike tarehe uliyovikuta vimechanua. Bibi ananiuliza kama kwetu huchanua mwaka mzima kama hapa dirishani, na sikuwa na jibu la kumpa.

Mama yako