Jumamosi ni zamu ya Baroko

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa kumi tunaendelea na sanaa ya Ulaya, safari hii Baroko, yaani kuanzia kama mwaka 1600 hadi 1750 hivi.

Kabla hamjaja, naomba mtafute picha mbili na kuziweka pamoja: sanamu ya Daudi ya Michelangelo (1501–1504) na ile ya Bernini (1623–1624). Wa Michelangelo amesimama ametulia. Wa Bernini kiwiliwili kimepinda, midomo ameibana, kombeo liko tayari kufyatuka, nawe unayemtazama unajikuta umesimama pale alipo Goliathi! Mimi kila nikiitazama nashtuka. Baroko ndiyo hiyo: tendo limenaswa katikati na mtazamaji anavutwa ndani yake. Mchoraji Caravaggio alipata nguvu hiyohiyo kwa mwanga, giza nene kisha mwale mmoja usoni. Baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu (1545–1563), Kanisa Katoliki lilitaka sanaa imguse muumini wa kawaida, na Roma ikajaa kazi za namna hii.

Kwenye muziki, sikilizeni besi, ile sauti nzito ya chini. Inatembea chini bila kukatika, na mpiga hapsikodi (kinanda cha zamani chenye nyuzi) anaijazia sauti papo hapo akifuata tarakimu zilizoandikwa kwenye noti. Kwa mtunzi Corelli, kundi dogo la wapigaji linajibizana na kundi kubwa. Wanakwaya wetu watalitambua hilo upesi.

Mwenye spika nzuri aniambie kabla ya Ijumaa, tafadhali.